Mrija Uliotaka Kuuacha Nyumbani

Kibondo, Jumapili jioni

Adelina mwanangu,

Sasa hivi umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari. Mimi nimefunga duka mapema. Nimekaa huku nyuma katikati ya magunia ya mbolea, karatasi iko juu ya goti. Mchana kikombe kiliniponyoka. Uliniuliza, "Baba, una homa?" Nikakujibu ni uchovu. Mwanangu, haukuwa uchovu.

Habari za shuka, chandarua na namna ya kuishi na mwenye nyumba sitaziandika. Mama yako ameshazimaliza, na kesho stendi atazianza upya mpaka kondakta amsihi aachie mlango wa gari. Mimi nina jambo moja tu, na kulisema kwa mdomo kumenishinda tangu siku uliyozaliwa.

Acha nianze na leo. Tulikuwa tumemaliza kula, ukaburuta lile begi lako jeusi mpaka sebuleni, ukasema, "Njooni muone vyombo vya kazi." Mimi nilijua umesomea samaki, basi. Tangu ulipopata hiyo kazi ya utafiti Kigoma nilikuwa nawaambia wateja dukani kwamba binti yangu atakuwa anapima samaki wa ziwani. Kichwani mwangu nilikuona umevaa koti jeupe, umekaa kwenye kiti, dirisha limefunguliwa na upepo wa ziwa unaingia. Ukafungua zipu. Ukatoa miwani ya kuzamia. Ukatoa vile viatu vya mpira vilivyopanuka kama miguu ya bata. Ukatoa mipira ya hewa na kidomo chake, kile kipande mtu anachokiuma akiwa chini ili apumue hewa ya mtungi. Kila ulichotoa nilikuwa nimeshakitaja jina moyoni kabla yako.

"Kwani utazama wewe?" mama yako akauliza. "Si watakuwepo wanaume wa kazi hiyo?"

Ukamjibu, "Mama, mzamiaji ni mimi. Nilifundishwa kule pwani. Sikuwaambia kwa sababu Baba angenikataza."

Halafu ukatoa mrija. Ule mweusi, uliopinda, wenye ncha ya rangi ya chungwa. Ukauinua juu ukicheka. "Huu nauacha. Tulifundishwa hauna kazi kwa mtu mwenye mtungi mgongoni. Huu ni wa watalii wanaochungulia samaki juu juu. Mama, chukua wewe, utapulizia moto."

Mama yako akauweka mdomoni akapuliza kweli, kuelekea jiko la mkaa. Mkacheka nyote wawili mpaka ukashika tumbo. Ndipo kikombe kikaniponyoka.

Mawe we, mama yangu! Maneno yale nilikuwa nayajua. Niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, kwa kicheko kile kile, nikiwa na umri kama wako, nimekaa ndani ya boti, namwambia mtu aliyekuwa mbele yangu anafunga mrija wake kwenye mkanda wa miwani. Nilimwambia ampelekee mkewe akapulizie moto.

Nilikuwa mzamiaji, Adelina.

Soma tena kama hujaamini. Baba yako huyu, muuza mbegu, ambaye gari likivuka daraja la Malagarasi anajifanya kusinzia. Nilizama katika Ziwa Tanganyika kwa riziki yangu, na hakuna mtu hapa Kibondo anayejua.

Nilipomaliza kidato cha nne Kasulu matokeo yalikuwa mabaya. Babu yako alitaka nibaki nyumbani tulime maharage. Mimi sikutaka. Nikapanda juu ya lori la maharage nikashuka nalo Kigoma, na kule nikasikia kuna bwana anayekusanya samaki wa mapambo, wale wadogo wenye rangi wanaokaa kwenye mawe, anawasafirisha nje wakiwa hai. Alikuwa anatafuta vijana wa kuwakamata. Nikajiandikisha. Hakuuliza kama najua kuogelea, na mimi sikuona sababu ya kumwambia.

Aliyegundua alikuwa Kashindi. Huyu alikuwa Mbembe wa ng'ambo, mrefu, mwenye mabega kama mlango, na ndiye aliyekuwa mzamiaji mkuu wa yule bwana. Siku ya kwanza alinitazama navyoshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Wewe mutoto wa milima, unajua kuogelea?"

Nikasema hapana.

"Basi tutaanza ku beseni."

Na kweli tulianza kwenye beseni! Nyumbani kwake, mkewe Mama Furaha akinitazama na kuziba mdomo kwa kitenge asicheke. Aliniinamisha uso kwenye maji nikajifunza kutoa pumzi kwa mdomo. Baadaye tukahamia ufukweni, kisha kwenye maji ya kifua. Ilipofika zamu ya mtungi, alinishika mkono tukashuka pamoja, na nilipovuta pumzi ya kwanza chini ya maji nilishtuka mpaka nikapiga kelele ndani ya kidomo. Napumua! Mtu wa Kasulu, mtoto wa watu wanaoteka maji bondeni kwa ndoo, yuko chini kama kimo cha migomba miwili, na anapumua. Samaki walikuwa wanapita mbele ya pua yangu, wa manjano, wa bluu, wengine wana mistari kama shuka la hospitali. Wewe unajua ninachokisema. Wewe pekee katika nyumba yetu unajua, na tazama, ndiyo kwanza nakuambia.

Sasa tuje kwenye mrija.

Uliyoyasema mezani ni kweli. Nataka ulijue hilo kwanza, usidhani naandika ili kukukosoa wewe au waliokufundisha. Mrija ukining'inia kando ya miwani unanasa vitu. Nilinaswa mimi. Kulikuwa na kipande cha nyavu ya mtu kilichopotea, kimejizungusha kwenye mwamba, na maji hayakuwa safi siku ile. Nilipita kando ya mwamba nikihangaika na samaki mmoja, nikahisi kitu kinanivuta kichwa. Nikageuka, kikavuta zaidi. Miwani ikatoka, maji yakaingia machoni na puani, na kila nilivyojitupa nyavu ilizidi kunikumbatia. Kashindi ndiye aliyekuja akanishika shavu, akanituliza kwa kunibana tu, kisha akaukata mrija ukabaki na nyavu kule chini.

Tulipofika kwenye boti nilikuwa nalia kama mtoto. Nikasema, "Mimi na mrija basi. Hicho kitu ni mtego."

Kashindi akasema, "Tuba haikukosea. Wewe njo ulikosea kuipeleka ku nyavu." Wao mrija wanauita tuba, na "ndiyo" yetu wanasema njo.

Toka siku ile kila asubuhi tulibishana. Mimi nilisema: mtu mwenye mtungi ana hewa yake, ana jaketi la kumwelesha, boti iko juu inamsubiri, mrija wa nini? Yeye alisema: hewa ya mtungi inaisha, boti ni chuma na chuma inaharibika, lakini hewa ya Mungu iko pale juu siku zote na unahitaji kitu cha kuifikia. Mzee Hamisi, mwendesha boti, alikuwa anatusikiliza na kutafuna muwa. Kuna siku alisema, "Nyie mngekuwa mnavua kwa midomo, ziwa lingekwisha samaki." Tukacheka. Ulikuwa ubishi wa furaha, mwanangu. Ndiyo maana leo mlipocheka nilisikia baridi.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Hili ndilo mpaka leo linanishtua kuliko yote. Watu wakisikia mtu amepatwa na jambo ziwani huwaza giza, radi, mamba. Ilikuwa asubuhi ya jua, maji yametulia, unaona mawe ya chini kama unaangalia kwenye glasi. Tulishuka tukakamata samaki vizuri. Karibu na kumaliza tukaona mmoja ambaye bosi alikuwa anamtaka sana, mweusi mwenye taji jeupe kichwani, tukamfukuza kutoka jiwe hadi jiwe. Mshale wa kipimo cha hewa ulikuwa umeshuka. Kashindi alinionyesha kidole juu, twende. Nikamwonyesha kidole kimoja, bado kidogo. Tukabaki. Tukampata, Kashindi akamtia kwenye kifuko chake.

Tulipotokeza vichwa juu, boti haikuwepo.

Upepo wa kusini ulikuwa umeinuka tukiwa chini. Nanga ilikuwa imeteleza, Mzee Hamisi amechukuliwa mbali, na kwa mbali tulimwona anavuta kamba ya injini, anavuta, anavuta, injini haiitiki. Mawimbi yalikuwa mafupi, yale yanayokuja moja juu ya jingine bila kukupa nafasi. Ufukwe tuliuona. Nyumba tuliziona, na mwanamke akianika dagaa kwenye mchanga tulimwona. Hatukuwa mbali na watu!

Jaketi langu lilikuwa la zamani, linavuja kwenye mshono. Nilipumua kwa kidomo cha mtungi mpaka kikawa kizito, nikivuta kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija wa soda, kisha kikakata. Nikakitema. Nikafungua mdomo kuvuta hewa ya Mungu, likaja wimbi likanipa maji. Nikakohoa, nikafungua tena mdomo, likaja jingine. Adelina, nilikuwa juu ya maji, jua linaniwaka usoni, hewa imejaa dunia nzima, na siipati.

Kashindi alikuwa ameshaweka mrija mdomoni, uso ndani ya maji, ametulia kama mtu anayesoma gazeti. Aliniona. Akanifungua mkanda wa vyuma, ule uzito tunaovaa kiunoni ili tuzame, akauachia ukaenda chini. Nikaendelea kujitupa, namshika shingo, namzamisha na yeye. Akanipiga kofi. Kisha akatoa mrija mdomoni mwake, akanisukumia mimi katikati ya meno.

"Uma! Uso chini! Pumua polepole. Nasema polepole, wewe mutoto wa milima!"

Nikauma. Nikaweka uso ndani ya maji kama kwenye lile beseni la nyumbani kwake. Na hewa ikaja. Sijui nikuelezeje. Mawimbi yalikuwa yanapita juu ya kisogo changu na mimi napumua chini yake. Yeye akajilaza chali, akashika kamba ya jaketi langu, akaanza kupiga miguu kutuvuta kuelekea ufukweni. Mimi nilikuwa naangalia mawe yanapita chini yangu, yakizidi kusogea. Nilimsikia akikohoa. Nilimsikia akikohoa tena na tena, na nilidhani anakohoa kama mtu yeyote anavyokohoa.

Tulifika. Tulitambaa kwenye mchanga kama kobe, yule mama wa dagaa akakimbia akipiga yowe, watu wakaja. Kashindi alikaa juu ya jiwe akacheka. Naapa, alicheka! Akanionyesha mrija uliokuwa bado mdomoni kwangu, nilikuwa nimesahau kuutoa. Akasema, "Angalia uyu. Tuba ya batalii njo imemuleta ku mama yake."

Mzee Hamisi alikuja baadaye na wavuvi waliomkokota. Aliuliza, "Twende hospitali?" Kashindi akasema, "Kwa nini? Nimekunywa mayi kidogo tu. Nimekunywa mayi ya hii ziwa toka nizaliwe." Sisi sote tukaona ni kweli. Ningekuwa mimi, wangenipeleka. Yeye alikuwa Kashindi, nani angebishana naye kuhusu maji?

Tukaenda nyumbani kwake. Mama Furaha akapika ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, tukala, Kashindi akatuigizia jinsi nilivyokuwa nimetoa macho. Baada ya kula akasema kifua kinambana, anaomba akae mlangoni apate upepo. Nikaendelea kuongea na mkewe. Nilipogeuka alikuwa anapumua haraka haraka, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Nikamwita. Akaniinulia kidole kimoja, kama nilivyomwinulia mimi kule chini. Bado kidogo.

Tulipata gari kwa jirani. Njiani alikuwa anatoa povu jepesi, la rangi ya waridi. Jua lilikuwa linazama tulipofika hospitali, na wakati daktari anatoka kuja kutuambia kwamba alikuwa ameshafia njiani, mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya soda niliyomnunulia, nikidhani atakuwa na kiu.

Daktari alisema maji yalikuwa yameingia kwenye mapafu. Mtu anaweza kutoka majini akatembea, akala, akaongea, na mapafu yanaendelea kuharibika ndani kwa ndani.

Nikamwambia, "Daktari, lakini alikuwa anacheka."

Akaniambia, "Wengine huwa wanacheka. Mngemleta pale pale, tungejaribu."

Nilibaki nimemtazama mdomo. Nilimtaka aseme tena, maana sikuwa nimeelewa. Naweza kukuambia kwamba mpaka leo sijaelewa sawasawa. Mtu ametoka majini kwa miguu yake mwenyewe.

Mama Furaha, aliyetufuata kwa miguu, hakulia pale. Aliniuliza, "Amekufia ku mayi?"

Nikasema, "Hapana. Kwenye gari."

"Ku inchi kavu?" Akaniangalia kama namdanganya. "Kashindi? Ku inchi kavu?"

Alirudia hivyo msiba mzima kwa kila aliyeingia. Hakunilaumu hata kwa jicho. Ningependa angenilaumu. Siku ya tatu aliniletea chai akanigusa bega, akaniambia nile. Mimi nikasukuma kikombe kando, na baada ya mazishi nikapanda lori lililokuwa linarudi na magunia matupu, nikapanda nalo milima mpaka Kasulu, na Kasulu nikaona bado niko karibu mno na ziwa. Nikaja Kibondo. Hapa nikakutana na mwalimu mgeni kutoka Singida aliyekuwa hajui kusema hata "mwakeye", nikamfundisha kuwasalimu wazazi wa wanafunzi wake kwa Kiha, na huyo ndiye mama yako.

Nimesimama kidogo. Mama yako ameingia kutafuta chumvi, akaona sura yangu, akazichukua kurasa hizi kabla sijamzuia. Amezisoma zote akiwa amesimama. Sasa amekaa juu ya gunia la mbegu za mahindi, mkono kifuani.

Ameniuliza, "Ndiyo maana hukuweza kumwogesha mtoto?"

Nikamwambia ndiyo. Ulikuwa na miezi michache, ulipenda kutumbukiza uso kwenye beseni na kupuliza mapovu, na mimi nilipiga kelele nikakunyakua, ukalia mpaka ukapoteza sauti. Mama yako alidhani nina pepo.

"Na ile safari ya shule?" Ile ya kwenda kuona ziwa, mlipokuwa darasa la sita. Niliwasindikiza mpaka Kasulu nikasema bibi anaumwa, nikabaki hapo. Bibi alikuwa mzima, alikuwa anapalilia.

Mama yako amesema, "Miaka yote hii tumelala na mtu wa tatu hujanionyesha." Hakusema kwa hasira. Alikuwa ameshangaa tu, kama Mama Furaha. Kisha akaondoka, akasahau chumvi.

Haya, niendelee, maana utarudi muda si mrefu.

Nilikukataza maji, Adelina. Nilikukataza mto, bwawa, hata mvua. Sikukuambia sababu, na mtoto asiyeambiwa sababu huenda kuitafuta mwenyewe. Leo mezani umetuambia kwamba ulijifunza kuogelea kwenye bwawa la samaki la misheni, ukidanganya kwamba uko mazoezi ya kwaya! Nimeshtuka mpaka nimetaka kucheka. Nilidhani nimekaa kati yako na ziwa kama ukuta, kumbe ulikuwa unanizunguka kila Jumamosi. Ningekaa na wewe nikakuambia habari za Kashindi ukiwa na miaka kumi, labda ungezama vile vile, lakini ungejua mambo ambayo pwani hawakukufundisha. Sasa nakufundisha kwa karatasi, katika siku ya mwisho, kama mtu anayefunga mzigo gari likiwa limeshawashwa.

Je, uchukue mrija? Nimejiuliza swali hili kwa umri wako wote na zaidi. Ningekuwa na wangu siku ile, pengine tungetoka wote wawili, kila mmoja uso chini, tukapiga miguu taratibu mpaka mchangani. Pengine. Lakini ule wa kwanza, nyavu ikininasa nikiwa peke yangu, ungeniua, na hakuna ambaye angebaki kukuandikia. Kwa hiyo sikuambii kwamba mrija ni uhai, wala sikuambii waliokufundisha ni wajinga. Walikufundisha kwenye maji yao, boti mbili na walimu kila upande. Wewe ukiwa juu ya boti, kabla hujaruka, angalia ufukwe. Jiulize: injini ya boti ikigoma, upepo ukiinuka, nitapumua vipi kutoka hapa mpaka pale? Ukiwa na jibu la kweli, acha mrija. Ukisitasita, usiuache.

Mchana ulipokuwa umeinama kuokota vipande vya kikombe, niliona kwenye simu yako picha za vyombo hivi. Kuna aina inayokunjwa, laini, inaingia mfukoni mwa jaketi. Zama nayo mfukoni, haitanasa kitu. Ukitoka juu, itoe. Kashindi hakuwahi kuona kitu kama hicho. Nadhani angekishika, akakikunja na kukikunjua siku nzima, na tungekosa kitu cha kubishania.

Na hewa, mwanangu. Mwenzako akikuonyesha kidole juu, twende, nenda. Samaki aliyebaki abaki. Yule mwenye taji jeupe alikufa kwenye ndoo siku ile ile, hakuna aliyekumbuka kumbadilishia maji.

La mwisho ndilo nalitaka zaidi, hata kuliko mrija. Ukimeza maji, au mwenzako akimeza, akakohoa, akasema ni kidogo tu, mpelekeni hospitali. Akikataa mpelekeni. Akicheka mpelekeni. Akiwa ndiye mkuu wenu, mwenye mabega kama mlango, anayejua ziwa lote kwa majina ya mawe yake, mshikeni mikono na miguu mpelekeni. Akasirike. Atakuja kukusimanga akiwa hai.

Mama yako amerudi tena mlangoni. Safari hii hakutaka chumvi. Amesema, "Mwende pamoja." Nikamuuliza dukani nani atakaa. Akasema, "Mimi si najua kusoma? Mbolea zimeandikwa majina." Kisha akanitazama mpaka nikavaa viatu. Nimekwenda stendi na nimerudi. Nimekata tiketi ya kiti kilicho pembeni yako.

Mfanyabiashara mmoja anayeleta dagaa hapa ameniambia Mama Furaha bado yuko kule kule, amezeeka, anauza karibu na forodha. Sijui nitamwambia nini. Nadhani nitaanza na salamu.

Barua hii nitakupa gari likishaondoka. Utakapofika kwenye mstari huu nitakuwa upande wako wa dirishani, nimefumba macho, na utajua silali. Usiniulize kitu ndani ya gari, watu wasikie. Tukishamwona Mama Furaha, nipeleke ufukweni unishike mkono. Nitaingia mpaka magotini. Kwa siku ya kwanza tuishie hapo.

Baba yako